Charge mara kumi na moja: ukurasa mmoja wa Kiingereza unapoingia Kituruki

Ukurasa wenyewe ni wa mkataba wa kukodi gari la umeme, wa aina anayopewa mgeni anayetua Antalya au İzmir ili asaini kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Vifungu vyake tumevitunga kwa kufuata lugha ya kawaida ya mikataba hiyo, ili matatizo yote yakae mahali pamoja. Viko tisa:

1. The vehicle is delivered fully charged.
2. It must be returned with a charge of at least 70%.
3. A second driver may be added at no charge.
4. A charge of TRY 1,500.00 applies if the charger is not returned.
5. Charging charges at public stations are borne by the renter.
6. All amounts due will be charged to the renter's card.
7. The person in charge of the vehicle must carry this agreement.
8. If the renter is charged with an offence, the company must be informed within 24 hours.
9. The renter may not create any charge over the vehicle.

Neno charge na watoto wake limetokea mara kumi na moja katika mistari hii tisa. Kwa Kituruki, ukurasa huohuo ukifasiriwa sawasawa una neno şarj mara nne tu. Kwingine kuna neno jingine kabisa, na katika kifungu cha 7 hakuna neno lolote lililowekwa badala ya charge: sentensi imejengwa upya na maana ikabaki kamili. Anayefasiri kwa kutafuta neno moja la kubandika kila mahali atatoa mkataba ambao Mturuki atausoma huku akikunja uso, na vifungu viwili vyake havitasimama mbele ya hakimu.

Asili ni mkokoteni

Kilatini cha baadaye kilikuwa na kitenzi carricare, yaani kupakia mzigo kwenye mkokoteni, kutokana na carrus, mkokoteni wenyewe. Kifaransa kikapata charger, Kiingereza kikachukua charge. Ukishika picha hiyo ya mzigo, maana zote zinajipanga. Betri imetwikwa umeme. Mteja ametwikwa deni. Msimamizi ametwikwa jukumu, mshtakiwa ametwikwa kosa, na gari lililowekwa dhamana limetwikwa deni la benki.

Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu kitenzi chetu twika kinakwenda karibu njia hiyohiyo: tunamtwika mtu mzigo, tunamtwika lawama, tunamtwika majukumu. Kwa hiyo kabla ya kufungua kamusi yoyote ya Kituruki, kila tukio la charge liulizwe swali moja la Kiswahili: ni nini kimetwikwa, na nani amekibeba? Kama kilichotwikwa ni umeme, uko upande wa şarj. Kama ni fedha, uko upande wa ücret na ndugu zake. Kama ni kosa, suç. Kama ni kazi, görev au sorumluluk. Kama ni deni juu ya mali, rehin.

Kituruki kina neno lake la asili la mzigo, yük, na ungetarajia ndilo lingerithi maana zote hizi. Limerithi moja tu ya umeme, ile ya darasani: elektrik yükü ni chaji ya umeme katika fizikia, na chembe yenye chaji chanya ni artı yüklü. Lakini fundi umeme akisema yük anamaanisha vifaa vinavyovuta umeme kwenye saketi. Ndiyo maana mwongozo wa betri haupaswi kuandika yük pale anapokusudiwa msomaji wa kawaida. Kwa betri, simu na gari, neno ni şarj, lililotoka Kifaransa, na hutamkwa kwa j laini ambayo Kiswahili hakina.

Upande wa betri: vifungu vya 1, 2, 4 na 5

Kifungu cha 1 ni rahisi: tam şarjlı, yenye chaji kamili. Kinachoteleza ni neno betri. Kiswahili kinasema betri kwa kila kitu, kuanzia ya tochi hadi ya lori. Kituruki kinagawa mara tatu: pil ni ile ndogo ya rimoti na saa, akü ni ya gari ya volti 12, na batarya ni ile kubwa inayolisukuma gari la umeme. Gari la umeme lina akü na batarya pamoja. Mkataba ukisema aküsü tam şarjlı, mteja ameahidiwa kwamba ile betri ndogo ya volti 12 imejaa, na hilo halimfikishi popote.

Kifungu cha 2 kina asilimia. Kituruki huweka alama kabla ya tarakimu, %70, kwa sababu husomwa yüzde yetmiş, kama sisi tunavyosema asilimia sabini. Kiambishi kikifuata, hutengwa kwa alama ya juu: %70'i. Neno charge hapa ni kiwango kilichomo ndani ya betri, wala si tendo la kuchaji, kwa hiyo andika şarj seviyesi, kiwango cha chaji. Tofauti hiyo ina fedha ndani yake. Gari la Togg T10X lenye betri kubwa lina kWh 88.5. Asilimia 70 ni karibu kWh 62. Likirudishwa likiwa na asilimia 50, pengo ni kWh 17.7, na pengo hilo ndilo litakalogeuzwa kuwa deni. Deni hilo kwa Kituruki cha mkataba ni eksik şarj bedeli, thamani ya chaji iliyopungua.

Sasa charger ya kifungu cha 4. Hapa ndipo penye shimo refu kuliko yote katika ukurasa huu. Anayejua kwamba şarj ni chaji hukutana na neno şarjör na moyo wake unamwambia ndiyo chaja. Şarjör ni magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola au bunduki. Kifaransa chargeur kina maana zote mbili, chaja na magazini. Kituruki kilichukua ile ya silaha. Mtu akiandika kwenye fomu ya vitu vilivyosahaulika garini kwamba ameacha şarjör, na fomu hiyo ikapokelewa kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, atakayefuata kumhoji hatakuwa karani wa magari. Chaja ni şarj aleti katika mazungumzo, na şarj cihazı katika maandishi rasmi. Waya wake ni şarj kablosu.

Kifungu cha 5 kina maana mbili zilizosimama bega kwa bega: charging charges. Ya kwanza ni umeme, ya pili ni fedha. Kituruki hakipati shida hata kidogo: şarj ücretleri. Maneno ya Kiingereza yanayofanana yanatengana yenyewe, na hilo ni jambo la kutia moyo kwa mfasiri, maana mara nyingine lugha lengwa iko wazi zaidi kuliko asilia. Huduma hiyo ya vituo vya barabarani ina kanuni zake, Şarj Hizmeti Yönetmeliği ya mwaka 2022 kutoka EPDK, mamlaka ya soko la nishati ya Uturuki, na istilahi zilizomo humo ndizo za kufuata: şarj istasyonu ni kituo, şarj ünitesi ni mashine moja iliyomo kituoni. Kituo kimoja kinaweza kuwa na mashine sita. Anayeyachanganya haya mawili anamwelekeza mteja vibaya anapotaka kulalamika kwamba mashine fulani haikufanya kazi.

Upande wa fedha: vifungu vya 3, 4 na 6

Ücret ndilo neno pana la malipo ya huduma. Pia ndilo neno la mshahara: asgari ücret ni kima cha chini cha mshahara. At no charge ni ücretsiz katika mkataba, bila malipo. Katika maongezi ya sokoni utasikia bedava, bure, neno lililotoka Kiajemi na ambalo maana yake ya kwanza ni upepo wa hewa, kitu kilicholetwa na upepo. Ni zuri mdomoni, lakini kwenye mkataba linasikika kama kelele ya mnada. Kifungu cha 3 kiandikwe ücretsiz.

Kifungu cha 4 kinasema charge pia, lakini hapa hakuna huduma iliyotolewa. Mteja analipa kwa sababu kitu hakikurudi. Neno linalokaa vizuri ni bedel, thamani inayotolewa mahali pa kitu. Msomaji wa Kiswahili atalitambua, kwani limetoka mzizi mmoja wa Kiarabu na badala yetu. Chaja haipo, imekuja fedha badala yake: hiyo ndiyo bedel. Ukiandika ücret hapo utaeleweka, ila itasikika kana kwamba kupoteza chaja ni huduma unayoweza kuinunua.

Maneno mengine mawili yapo jirani na yasivamiwe. Masraf ni gharama iliyotumika, na benki hulipenda: dosya masrafı ni gharama ya kufungua faili la mkopo. Harç ni ada ya serikali, kama ya pasipoti au ya hati ya nyumba. Kampuni binafsi haitozi harç. Ukikuta karatasi ya wakala binafsi inadai harç, ama anakusanya fedha kwa niaba ya serikali na lazima akuonyeshe stakabadhi yake, ama mfasiri ameteleza.

Tarakimu yenyewe inaweza kuangusha. Kiingereza kimeandika 1,500.00. Kituruki hugeuza alama zote mbili: 1.500,00 TL (TRY na TL ni lira ileile ya Uturuki). Mfasiri akiinakili kama ilivyo, Mturuki ataisoma 1,500 kama moja na nusu, kisha atakutana na nukta na sifuri mbili na kubaki njia panda. Katika mkataba, njia panda ya tarakimu ni kesi inayosubiri siku yake.

Kifungu cha 6 kinahitaji utulivu. Will be charged to the card: fedha zitakatwa kwenye kadi. Kuandika kartı şarj etmek ni kusema kadi itachomekwa kwenye umeme. Na hata Mturuki mwenye huruma akijaribu kukisia maana, atakisia upande usio sahihi. Kadi ya usafiri ya İstanbul huongezwa salio, na vitenzi vya tendo hilo ni doldurmak, kujaza, na yüklemek, kupakia. Kwa hiyo mzigo ukitajwa karibu na kadi, masikio yanasikia fedha zikiingia, ilhali kifungu kinasema zinatoka. Kituruki hutumia kiambishi cha utokaji: karttan çekilir, zinavutwa kutoka kwenye kadi, au kwa lugha ya mkataba, karttan tahsil edilir, zinakusanywa kutoka kwenye kadi. Sisi husema umekatwa, nao husema zimevutwa.

Wakati wa kuchukua gari kuna tendo jingine linalofanana na hilo lakini si hilo: kampuni huzuia kiasi fulani kwenye kadi bila kukichukua. Hilo kwa Kituruki cha benki ni provizyon au bloke. Mteja akiona ujumbe wa provizyon kwenye simu, bado hajakatwa, salio limefungwa tu. Akikatwa kimakosa baadaye, anachoomba benki ni harcama itirazı, pingamizi la matumizi, ambalo ndani ya benki huitwa ters ibraz.

Na akitozwa kupita kiasi? Betri iliyochajiwa kupita kiasi ni aşırı şarj. Mteja aliyetozwa kupita kiasi ni fazla ücret alınmış. Mtaani ni kazıklanmak, kutoka kazık, kigingi. Ni sawa kabisa na Mswahili anaposema hapo umepigwa.

Upande wa mahakama: kifungu cha 8

Kiingereza cha kisheria kina tukio moja mahususi: mtu anasomewa shtaka rasmi, na tangu hapo ni charged. Kituruki hakina tukio moja linalolingana nalo moja kwa moja, na hapa ndipo mfasiri anapaswa kujua utaratibu kabla ya kujua neno.

Kwa Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya Uturuki, namba 5271, kuna hatua mbili. Ya kwanza ni soruşturma, upelelezi unaoongozwa na savcı, mwendesha mashtaka, na mhusika huitwa şüpheli, mtuhumiwa. Savcı akiona ushahidi unatosha huandika iddianame, hati ya mashtaka, na kuipeleka mahakamani. Mahakama ina siku 15 za kuipitia, na inaweza kuirudisha. Ikiikubali, inaanza hatua ya pili, kovuşturma, na sasa mhusika ni sanık, mshtakiwa. Tofauti ya şüpheli na sanık ni ileile ya mtuhumiwa na mshtakiwa, na magazeti yetu huyachanganya maneno haya kila wiki. Kituruki cha kisheria hakisamehe hilo.

Basi saa 24 za kifungu cha 8 zinaanza lini? Kampuni inataka kujua mapema, siku gari linapohusishwa na kosa. Ukiandika sanık olursa, akiwa mshtakiwa, umeichelewesha taarifa hadi iddianame ikubaliwe, pengine miezi kadhaa mbele. Ukiandika suçlanırsa, akilaumiwa, umeifungua mno, kwa sababu hata jirani anaweza kumlaumu mtu. Linalofaa ni kutaja hatua zenyewe: hakkında soruşturma başlatılırsa veya dava açılırsa, upelelezi ukianzishwa au kesi ikifunguliwa dhidi yake. Ni refu, lakini ni la kweli.

Kuna sababu nyingine ya kukwepa suçlamak hapa, na ni ya sikio. Suç ni kosa la jinai. Suçla ni kwa kosa, na suçla- pia ni shina la kitenzi kushutumu. Ukifasiri charged with an offence neno kwa neno unapata bir suçla suçlanırsa, sentensi inayojikwaa kwenye mguu wake. Waandishi wa Kituruki hukimbilia itham edilirse, lenye asili ya Kiarabu, ili tu kuvunja mwangwi huo.

Halafu mwendo kasi. Faini ya kamera ya barabarani nchini Uturuki si suç. Ni idari para cezası, adhabu ya fedha ya kiutawala. Kwa pombe mstari umechorwa kwa tarakimu: dereva wa gari binafsi akizidi promili 0.50, yaani gramu 0.50 za pombe kwa lita ya damu, anapata faini na kunyang'anywa leseni kwa muda, na akizidi promili 1.00 anaingia kwenye kosa la jinai la kuhatarisha usalama barabarani, kifungu cha 179 cha Kanuni ya Adhabu. Kiingereza kinaweza kutumia charged kwa zote mbili. Kituruki kitadai uchague. Kama kampuni inataka taarifa ya faini pia, kifungu kiongezwe trafik cezası kwa jina lake.

Msimamizi asiyesimamia: kifungu cha 7

In charge of the vehicle inaonekana nyepesi. Kwa kawaida in charge ni sorumlu, mwenye jukumu, au yetkili, mwenye mamlaka. Dukani ukitaka mkubwa wa mahali unasema yetkiliyle görüşmek istiyorum. Muuguzi msimamizi wa wodi ni sorumlu hemşire. Hata ubalozini neno limo: kaimu balozi, chargé d'affaires, ni maslahatgüzar, na maslahi yetu yamo ndani yake waziwazi.

Lakini kwenye gari, sorumlu inavuta uzito wa kisheria ambao kifungu hakiukusudii. Sheria ya Trafiki ya Barabara Kuu, namba 2918 ya mwaka 1983, ina mtu anayeitwa işleten, anayebeba fidia ya madhara yaliyosababishwa na gari. Kwa kawaida ni mmiliki, na katika ukodishaji wa muda mrefu ni aliyekodi. Mfasiri anayependa maneno mazito anaweza kuandika işleten kwa nia njema na kumhamishia mteja wa siku tatu dhima ya mmiliki. Kifungu kinasema jambo dogo tu: aliye kwenye usukani awe na karatasi hii. Kwa hiyo andika aracı kullanan kişi, mtu anayeliendesha gari. Hakuna charge, hakuna sorumlu, na maana imefika salama.

Rehani: kifungu cha 9

Huku ndiko maana ya charge inakofahamika kwa wanasheria peke yao. Kuweka charge juu ya mali ni kuifunga kwa deni. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 hutumia neno hilohilo la Kiingereza kwa ardhi inayodhamini mkopo. Kwa Kituruki, deni lililofungwa juu ya gari ni rehin, na juu ya ardhi au nyumba ni ipotek. Ukiweka ücret kwenye kifungu cha 9, kinasema aliyekodi haruhusiwi kuunda ada juu ya gari, na hakuna ajuaye maana yake. Ukiweka rehin, Mturuki na Mswahili wanaelewa kwa pamoja, kwani rehin na rehani ni neno moja lililopita bahari mbili tofauti.

Maneno tunayoshirikiana na yanavyodanganya

Herufi c ya Kituruki husomwa kama j yetu. Mara ukilijua hilo, ücret inakuwa ujret, na ujira unajitokeza. Hücum, ambayo ni charge ya askari wanaovamia, inakuwa hujum, na hujuma hiyo hapo. Itham iko karibu na tuhuma, vazife ni wadhifa, hesap ni hesabu, mahkeme ni mahakama. Kituruki kiliacha herufi za Kiarabu mwaka 1928, na Türk Dil Kurumu, taasisi iliyoanzishwa 1932, ikasukuma maneno ya asili ya Kituruki yachukue nafasi: görev dhidi ya vazife, saldırı dhidi ya hücum, suçlama dhidi ya itham, sorumlu dhidi ya mesul. Ya zamani hayakufa yote. Mengi yalipanda daraja au yalibana kwenye kona moja.

Kwa msemaji wa Kiswahili hii ni hazina, ila ifunguliwe kwa uangalifu. Ujira wetu ni malipo ya kazi ya mtu. Ücret ni hilo na pia ni bei ya kuegesha gari. Wadhifa ni cheo, vazife ni wajibu. Hujuma, tangu vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983 Tanzania, inanuka njama na uharibifu wa siri, lakini hücum ni shambulio la wazi, la askari au la timu: faulo ya mshambuliaji katika mpira wa kikapu ni hücum faulü. Uharibifu wa siri kwao ni sabotaj. Rehani peke yake ndiyo imebaki rafiki wa kweli katika ukurasa huu, na hata yenyewe ina ndugu wa kuogopwa: rehin almak ni kuteka mtu, na rehine ni mateka.

Viambishi ndivyo vinavyoamua

Kosa ambalo Waswahili hufanya hata baada ya kupata neno sahihi liko mkiani mwa nomino. Sisi tunamtoza mteja: mteja ni yambwa wa kitenzi, yaani anayetendewa. Mwanafunzi huandika müşteriyi ücret almak, na haijasimama. Mturuki huchukua ada kutoka kwa mteja: müşteriden ücret almak. Simu inachajiwa moja kwa moja, telefonu şarj etmek, kwa -u ya yambwa. Mtu anashutumiwa kwa kosa, kiracıyı hırsızlıkla suçlamak: -yı kwa mtu, -la kwa wizi. Askari wanavamia kuelekea adui, düşmana hücum etmek, kwa -a. Anayekabidhiwa kazi anakabidhiwa kwa kazi, memuru bu işle görevlendirmek. Ukiwa na shaka kama umechagua neno sahihi, jaribu kuweka mtu na kiambishi chake. Sentensi ikikataa kiambishi, mara nyingi neno ndilo lenye kosa.

Kukagua ukurasa

Kwenye asili, tafuta herufi tano tu: charg. Zitakupa charged, charger, charging, na pia surcharge, recharge na discharge zilizojificha. Hesabu. Hapa zitoke kumi na moja. Kwenye tafsiri tafuta şarj, kisha sarj bila mkia, kwa sababu kibodi isiyo ya Kituruki huacha mikia njiani. Kila şarj lazima iwe na betri, waya, chaja, kituo au kiwango ndani ya kifungu chake. Ikikaa na kart, kişi au suç, imepotea njia.

Vichwa vikiwekwa herufi kubwa, tazama neno kiracı, aliyekodi. Lina i yenye nukta na ı isiyo nayo, na herufi zake kubwa ni KİRACI. Programu iliyowekwa kwa Kiingereza hutoa KIRACI, na nukta moja imeanguka.

Ukurasa uliokamilika ni huu:

1. Araç, bataryası tam şarjlı olarak teslim edilir.
2. Araç, en az %70 şarj seviyesiyle iade edilir.
3. İkinci sürücü ücretsiz olarak eklenebilir.
4. Şarj cihazı iade edilmezse kiracıdan 1.500,00 TL bedel tahsil edilir.
5. Halka açık istasyonlardaki şarj ücretleri kiracıya aittir.
6. Ödenecek tüm tutarlar kiracının kartından tahsil edilir.
7. Aracı kullanan kişi bu sözleşmeyi yanında bulundurmak zorundadır.
8. Kiracı hakkında bir suç nedeniyle soruşturma başlatılırsa veya dava açılırsa, şirkete 24 saat içinde bilgi verilir.
9. Kiracı, araç üzerinde rehin tesis edemez.

Mkataba wa aina hii ukiwa na ukurasa wa pili, discharge huwa imo, na kazi inaanza tena: betri kuisha chaji ni deşarj, mdaiwa kufutiwa deni ni ibra, mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitalini ni taburcu, askari kumaliza utumishi ni terhis, na aliyekuwa kizuizini akiachiwa ni tahliye, neno ambalo kwa mpangaji wa nyumba ni kutolewa vyombo nje.